Barua ya Kufunga Muhula: Historia ya Shule Yetu Ianzie Wapi

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA UANDISHI WA HISTORIA YA SHULE

Muhula unafungwa Ijumaa hii, na ripoti za maendeleo zitatolewa mikononi mwa wazazi au walezi wenyewe, si kwa kumtuma mtoto. Walimu wa madarasa watakuwapo tangu asubuhi hadi mchana kuzungumza na kila mzazi. Yanayohusu mitihani mtayakuta ndani ya ripoti hizo, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya barua hii naitumia kujibu swali lililochukua muda mrefu katika mkutano wetu wa wazazi, nami nikaahidi kulijibu kwa maandishi: Kamati ya Shule ikiandika historia ya shule hii kongwe, ianzie wapi?

Katika mkutano zilitolewa rai mbili. Ya kwanza ilitaka historia ianze mwaka 1962, kwa kuwa kabla ya hapo watoto wengi wa mji huu wasingeweza kupita kwenye lango letu. Ya pili ilisema kwamba kuwaacha waanzilishi, waliochanga fedha zao kujenga madarasa tunayoyatumia hadi leo, ni kukosa shukrani. Kamati imekubaliana nami kwamba historia ianze pale shule ilipoanza, bila kuwaficha waanzilishi na bila kuwapamba, na kwamba sehemu kubwa zaidi ya kitabu wapewe wale ambao shule haikujengwa kwa ajili yao.

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu ya Tanganyika ilipangwa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Kila kundi lilikuwa na shule zake na fungu lake la fedha, na fedha iliyotumika kwa mtoto mmoja wa Kizungu ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya mtoto wa Kiafrika. Shule yetu ilikuwa ya kundi la kati. Wafanyabiashara wa Kihindi waliijenga kwa michango, Serikali ikaitolea ruzuku kama ilivyofanya kwa shule nyingine za jumuiya hizo, na masomo yakatolewa kwa Kigujarati katika madarasa ya chini na kwa Kiingereza katika madarasa ya juu. Hata hao walioitwa Waasia hawakuwa kitu kimoja, kwa maana walikuwamo Wahindu, Waismailia, Mabohora, Masingasinga na Wagoa, na baadhi ya jumuiya hizo zilipendelea kuwa na shule zao zenyewe. Kwa hiyo anayedhani kwamba shule hii ilikuwa na watu wa aina moja hadi mwaka 1962 anakosea, ingawa ni kweli kabisa kwamba Mwafrika aliyeonekana ndani ya ua wake wakati huo alikuwa mfanyakazi, si mwanafunzi. Jambo hilo litaandikwa kama lilivyokuwa.

Sheria iliyofuta mgawanyo wa rangi katika shule ilianza kutumika Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Lango lilifunguka kisheria, lakini ada na lugha vilibaki mlangoni kama mabawabu wawili. Daftari letu la uandikishaji la miaka hiyo linaonyesha kwamba watoto wa Kiafrika walioingia kwanza walikuwa wa makarani, mafundi na wafanyakazi wa reli, yaani wa wazazi walioweza kulipa ada na ambao watoto wao walikwisha kusikia Kiingereza mahali fulani. Watoto wa wakulima wa pembezoni mwa mji walichelewa kwa miaka kadhaa.

Mabadiliko ambayo mimi nayaona kuwa makubwa kuliko yote yalikuja mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ambamo alieleza kwamba kuondoa ubaguzi wa rangi na wa dini katika elimu kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kufanywa baada ya Uhuru, lakini kwamba hatua hiyo peke yake haikutosha. Katika shule kama yetu, Kiswahili kiliwaweka wengi kwenye mstari mmoja. Mtoto aliyezungumza Kigujarati nyumbani hakuwa nacho cha kutosha, na mtoto wa Kisukuma, wa Kihaya au wa Kimakonde aliyehamia mjini na wazazi wake naye hakuwa nacho cha kutosha. Wote walikuwa wakijifunza, na baadhi ya walimu waliozoea kufundisha kwa Kiingereza walikuwa wakijifunza pamoja nao. Waliotangulia ni watoto wa Pwani peke yao, na wao hadi leo hawajaacha kutusahihisha.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika na za jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali, na vipindi vya dini vikaendelea kuwa na nafasi kwenye ratiba, kila mtoto kwa imani yake. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaagiza kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa zaidi ya milioni 3. Hapa kwetu hiyo ilikuwa na maana ya kuingia kwa zamu asubuhi na mchana, watoto wanne kwenye dawati la wawili, na vijana waliomaliza darasa la saba kufundishwa ualimu huku wakifundisha. Wapo wanaowakumbuka walimu hao kwa dharau. Mimi siwadharau, kwa kuwa bila wao nusu ya watoto hao wasingeona ubao.

Baadaye michango na ada vilirudi, vikafutwa tena mwaka 2001, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yetu ya upande wa kiwanja ni ya kipindi hicho, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Januari 2016 elimu bila malipo ilifika hadi kidato cha nne. Wazazi wa darasa la mtaala mpya wafahamu pia kwamba, kwa utaratibu wa elimu ya msingi ya miaka sita, mwaka 2027 wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja. Maandalizi yake yatajadiliwa katika mkutano wa muhula ujao.

Kwa ajili ya kitabu, tunaomba picha za zamani, vyeti, ripoti, barua na hata daftari za mazoezi. Vileteni siku ya kuchukua ripoti. Mwalimu wa Taaluma atavipiga picha mbele yenu na kuwarudishia papo hapo. Wazee waliosoma hapa kabla ya mwaka 1962, na wale walioingia katika miaka ya mwanzo baada ya hapo, tunaomba watupatie nafasi ya kuwasikiliza, kwa lugha yoyote wanayoipenda. Kwa kuwa daftari za zamani zina safu za kabila, dini na kazi ya baba, Kamati imeamua kwamba hakuna mtu atakayetajwa kwa taarifa hizo bila idhini yake au ya familia yake.

Rasimu itasomwa kwenye mkutano wa wazazi kabla ya kuchapwa, na asiyeridhika na sentensi yoyote atapewa nafasi ya kuipinga hapohapo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu