Barua ya wazi kwa Vikario wa Afrika: njoo uhesabu visiki

Kwa Mheshimiwa Vikario, msimamizi wa mikoa ya Dola ya Roma katika Afrika, Karthago.

Kwa heshima na taadhima, mimi mjumbe wa baraza la mji wa Leptis Magna, mkoa wa Tripolitania, nimeomba barua hii isomwe sokoni, kwa kuwa zile nilizokuletea kimyakimya hazikujibiwa. Waaustoriani, kabila la wavamizi kutoka jangwani, wamerudi mara ya tatu. Safari hii wametuzingira siku 8 na kukata miti na mizabibu iliyo nje ya ukuta. Mzee mwenzetu, ambaye kwa miguu yake mibovu hakuweza kukimbia, alijitupa katika kisima kikavu. Wakamwopoa akiwa amevunjika ubavu, wakamleta langoni ili mkewe amkomboe. Tulimvuta kwa kamba hadi juu ya ukuta, na siku mbili baadaye akafariki.

Najua utasema askari si kazi yako. Ndivyo ilivyopangwa: wewe na liwali wetu mna kodi na kesi, kamanda wa Afrika ana majeshi, nasi tuna njoo kesho. Kamanda huyo tulimwita baada ya uvamizi wa kwanza, akaja, akadai kwanza shehena za chakula na ngamia 4,000. Ngamia 4,000, Mheshimiwa, kwa watu waliotoka kuzika wakulima wao! Alikaa siku 40, akaondoka. Tukampelekea Kaisari Valentinian sanamu za dhahabu za mungu wa kike Ushindi (ushindi wa nani, sijui), naye akaahidi uchunguzi kamili. Nasikia kamanda ana jamaa yake katika jumba la Kaisari. Huenda huko ndiko uchunguzi ulikolala.

Makarani wa kodi, kwa upande wao, hawajachelewa hata siku moja. Wakulima wakishindwa kulipa, pengo tunaliziba sisi wa baraza, na mwanangu ataurithi ujumbe huu wa baraza apende asipende. Vyombo vya mke wangu vimekwisha kuuzwa. Nilikuwa kijana Kaisari Konstantino alipotangaza kwamba mikono ya maofisa yenye uroho isipokoma itakatwa kwa upanga, na kwamba masikio ya hakimu yatakuwa wazi kwa maskini sawasawa na kwa tajiri. Nilishangilia, Mheshimiwa.

Leo siombi ngamia wala askari. Naomba karani mmoja aje ahesabu visiki vya mizeituni yangu kabla kodi haijadaiwa tena, maana katika daftari lako vingali miti.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa baraza, Leptis Magna