Barua kwa Hamisi kuhusu redio ya Harrier

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Tanga. Sisi huku Temeke tu wazima, bibi anaendelea vizuri na mguu wake, na Baba Asha amelifunga lile duka la Tandika kama ulivyokwisha kusikia. Habari zake nitakupa siku nyingine, kwa maana leo nina jambo moja ambalo haliwezi kungoja.

Umeniambia kwamba gari lako, Toyota Harrier ya mwaka 2014 iliyotoka Japani, limetoka bandarini salama, na kwamba fundi amekushauri Jumamosi hii aing'oe redio iliyokuja nayo, akate nyaya zake na kukufungia redio ya Android yenye skrini kubwa. Kubadilisha redio sikatai. Ninachokuomba, kwa uzito wote wa urafiki wetu, ni kwamba usimruhusu akate hata waya mmoja wa soketi za gari.

Naelewa kwa nini umeichoka kabla hata hujaizoea. FM ya Japani inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, au 95 kwa redio za karibuni, ilhali vituo vyetu vinatangaza kati ya 87.5 na 108. Kile kidude cha ekspanda wanachokipachika kwenye waya wa antena kinashusha masafa yote kwa kiasi kilekile. Kikishusha 20, kituo cha 100 unakitafuta kwenye 80, lakini wigo wa redio unabaki na upana wake wa awali, kwa hiyo ukivipata vituo vya juu unavikosa vya chini, na sauti inakwaruza. Ramani ya redio hiyo ni ya Japani tupu. Televisheni yake inafuata mfumo wa matangazo wa Japani, ISDB-T, wakati sisi tunatumia DVB-T2, hivyo haitashika kitu. Tena redio nyingi za namna hiyo, betri ikichomolewa safarini na kadi ya ramani isiwemo, skrini inabaki na maandishi ya Kijapani ikidai kadi au namba ya siri. Kwa hiyo katika hilo fundi wako yuko sahihi.

Asipokuwa sahihi ni katika kukata. Nyuma ya redio ya Toyota kwa kawaida utakuta soketi ya pini 10, nyingine ya pini 6, na nyingine ndogo za kamera na vitufe vya usukani. Kariakoo wanauza nyaya za kati ambazo upande mmoja zina soketi za Toyota na upande wa pili zinaingia kwenye redio mpya; unachomeka, unafunga, na siku ukitaka kuirudisha ile ya zamani unachomoa bila alama yoyote. Toyota Premio ya jirani yangu hapa ilikatwa nyaya. Tulipoifungua dashibodi tulikuta waya wa njano, ambao una umeme muda wote, umesokotwa pamoja na mwekundu, ambao unapaswa kuwa na umeme pale tu funguo inapozungushwa, na mkanda mweusi uliowazunguka ulikuwa umeachia gundi kwa joto na kuteleza, shaba ikabaki wazi. Redio ilikuwa hailali usiku kucha, na jirani alikwisha kununua betri mpya akidhani ile ya kwanza imekufa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ugonjwa ulikuwa nyuma ya redio.

Harrier yako inanitia hofu zaidi kwa sababu baadhi ya zile za mwaka huo zina mfumo wa sauti wa kampuni ya JBL, ambao spika zake zinaendeshwa na amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti, iliyofungwa mahali pengine na si na redio yenyewe. Redio mpya isipopeleka umeme wa kuiamsha hiyo amplifaya, gari zima linakaa kimya, na hapo fundi mwenye haraka hukimbilia kupitisha nyaya mpya hadi milangoni, akaacha amplifaya nzuri ya kiwandani ikiwa haina kazi. Kamera ya nyuma nayo ina hatari yake: nyingi za Toyota zinatumia volti 6, na ukiipa 12 za redio mpya unaweza kuiunguza siku hiyohiyo.

Kuhusu redio yenyewe, usivutiwe na ukubwa wa skrini. Zile za Android zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 1 zinakwama hata kufungua ramani, na dashibodi ikishapigwa na jua la Tanga ndiyo kabisa. Kwa maoni yangu, skrini ya wastani yenye Apple CarPlay na Android Auto, zinazoleta programu za simu kwenye skrini ya gari, inakutosha, kwa kuwa ramani itatoka kwenye simu yako, ambayo unaipakulia ramani ya Tanzania nzima mapema na GPS inafanya kazi hata pasipo bando. Dai pia fremu ya kuizungushia redio iliyo ya Harrier hiyohiyo, asikuchongee plastiki. Redio ya zamani iweke kwenye boksi ndani kwako, isibaki kwa fundi.

Sasa nijibu haya. Je, spika za milango zimeandikwa JBL? Kamera ya nyuma ilikuwa inaonyesha ulipolichukua gari, na vitufe vya usukani vinaongeza sauti? Fundi huyo amekwisha kufunga redio kwenye Harrier ya aina hiyo, na bei aliyokutajia inahusisha zile nyaya za kati au ni ya redio peke yake? Shemeji wa Korogwe si alikuwa na mtu wake wa umeme wa magari, yuko wapi siku hizi? Na Jumamosi haiwezi kusogezwa mpaka Jumanne, ili nizinunue nyaya hizo mwenyewe na kukupakilia kwenye basi? Mwambie fundi aitoe redio tu bila kukata, upige picha ya nyuma yake na ya soketi zote, unitumie hata kama ni usiku.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Rashidi