Somo Wako na Mwenzake

Mwanangu Perpetua,

Hujambo mama? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Uliniuliza kwa nini somo wako, Mtakatifu Perpetua, hana sikukuu ya peke yake, kila Machi 7 lazima atajwe na Felisita. Simu ikakatika kabla sijakujibu, basi nakuandikia.

Waliuawa siku moja kwa ajili ya imani yao ya Kikristo, mwaka 203, huko Karthago, karibu na Tunis ya leo. Perpetua alikuwa na miaka kama 22, binti wa watu wenye cheo, ananyonyesha. Felisita alikuwa mtumwa, tena mjamzito wa miezi minane. Sheria ilikataza kumuua mwenye mimba, na hofu yake ilikuwa kuachwa nyuma na wenzake. Wakamwombea, uchungu ukamshika mle mle gerezani, akajifungua mtoto wa kike. Mlinzi akamcheka: ukilia hivi leo, mbele ya wanyama itakuwaje? Akamjibu kwamba haya ya leo anateseka yeye, lakini kule atakuwamo Mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake.

Nami kwa kuwa ni mzazi, moyo wangu humwendea baba yake Perpetua. Perpetua aliandika habari za kifungo chake kwa mkono wake mwenyewe, wala hakumficha mzee wake. Mzee alikuja akambusu binti mikono, akajitupa miguuni pake akilia, azionee huruma mvi zake na yule mtoto mchanga. Liwali Hilarianus akaamuru mzee apigwe fimbo, binti akiona. Perpetua anasema yalimuuma kana kwamba amepigwa yeye. Hakuikana imani, wala hakuacha kumhurumia baba. Hapo sipapiti haraka, mama.

Sasa jibu lako. Uwanjani walifunguliwa ng'ombe jike mkali. Perpetua akarushwa, akaanguka. Akajisitiri paja kwa nguo iliyochanika, akazibana nywele zilizotimka. Ndipo alipomwona Felisita yuko chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua, wakasimama pamoja mbele ya umati uliokuja kuwatazama wakifa. Mtumwa siku zile alikuwa mali ya mtu. Kanisa lingewatenganishaje hawa?

Siku hiyo ukienda Misa, padre akitumia Sala ya Ekaristi ya Kwanza, tega sikio yanaposomwa majina ya watakatifu wanawake. Anaanza Felisita, ndipo anafuata somo wako.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako