Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga: Tuachie jioni zetu za pwani

Kwako Mstahiki Meya,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka Ngamiani.

Barua hii haihusu mitaro, wala taka, wala machinga. Kwa hayo najua barua unazo za kutosha, na vikao vya Baraza la Madiwani havikosi ajenda. Mimi nataka tuzungumze habari ya mahali tunapokwenda kupunga upepo kazi zikiisha, tukiwa na watoto na mfukoni hamna kitu.

Ombi lenyewe nalitanguliza, maana nafahamu barua ndefu husomwa mwanzo tu. Naomba Jiji litamke kwa maandishi na kwa ramani ni vipande vipi vya ufukwe wetu vitabaki vya watu wote bila kiingilio, kisha vipande hivyo vitiwe taa, vyoo na mabenchi. Na katika kimojawapo, mara moja kwa mwezi, taarabu ipigwe hadharani. Yaliyobaki ni maelezo.

Kwa nini sasa? Kwa sababu Tanga tuliyoizoea, ile ambayo wenzetu wa Dar es Salaam wakiitania kuwa imelala, imeanza kuamka. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia hapa kwetu, Chongoleani. Wageni wanaingia, nyumba za kupanga zinapanda bei, na kila mwenye fedha anayefika Tanga jambo la kwanza analouliza ni kiwanja cha baharini. Sina ugomvi na hilo, mji unataka ajira. Ila bahari yenyewe haiongezeki, na ukishajengwa ukuta, si rahisi kuja kuubomoa. Jiji lenye watu zaidi ya 390,000 kwa sensa ya 2022 haliwezi kutegemea kwamba wenye hoteli watakuwa na huruma Jumapili jioni.

Sheria ipo, na wewe unaijua kuliko mimi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini mita 60 za kwenye karatasi hazimsaidii mama mwenye watoto wanne aliyesimama mbele ya geti asijue kama njia ya kushukia majini ni ya umma au ni ya mwenye geti. Mlinzi naye hajui, ila yeye ana rungu. Kibao kimoja chenye nembo ya Jiji kinachosema "Njia ya umma kwenda ufukweni" kingemaliza mjadala huo bila mtu kupandisha sauti.

Nenda Raskazone siku ya Jumapili alasiri, Mstahiki, bila msafara. Utawaona watoto wa Makorora na Mikanjuni wamekuja kwa baiskeli, wawili wawili, mwingine kakaa kwenye bomba la mbele. Wana tyubu la gari lililojazwa upepo, la kukodi kwa zamu. Akina mama wametandika kanga, hotpoti katikati, na ndani yake aidha ni pilau ya jana au mihogo na samaki wa kukaanga. Muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, kashata ziko kwenye sahani iliyofunikwa nailoni. Hakuna aliyelipia chochote kuwa pale, na ndiyo raha yenyewe. Kisha jua linazama, na ndani ya nusu saa pwani yote imebaki tupu, kwa sababu hakuna taa. Hapo ndipo upepo unapoanza kuwa mtamu, na sisi ndipo tunapokunja kanga kukimbilia nyumbani. Mwanamke hana sababu ya kubaki gizani pale, na wala simlaumu anayeondoka saa kumi na mbili kamili.

Kuna jambo dogo ambalo wageni wa mji huu hawalijui, na hata sisi wenyewe watoto wetu wa siku hizi wanaanza kulisahau. Ghuba yetu maji yakipwa, yanakupwa kweli. Ukija saa mbaya utaogelea matope mpaka magotini. Wavuvi hawana shida hiyo, wao wanatazama mwezi tu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alasiri, mnamo saa kumi au kupita kidogo, wakati uleule ambao watu wametoka kazini na jua limepungua makali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: alasiri maji yako mbali, asubuhi ndiyo yamejaa. Na kila siku saa za kujaa zinasogea mbele kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo naomba, pamoja na taa, ubao mmoja Raskazone na mwingine pale Bustani ya Jamhuri, unaoandikwa kila wiki saa za maji kujaa na kupwa. Chaki inatosha. Ingeokoa pia maisha ya wale vijana wanaotoka bara, wasioijua bahari, wanaoingia maji yanapoanza kutoka kwa nguvu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la taarabu. Kama Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu maji yamejaa alasiri, na usiku kuna mbalamwezi juu ya ghuba, basi siku imejichagua yenyewe. Watu waogelee, wale, waswali Magharibi na Isha, kisha waje Bustani ya Jamhuri wakae wakitazama bandari. Muziki uanze saa mbili na nusu, uishe saa nne na nusu, watoto wakalale. Mwezi wa Ramadhani tuache, tuendelee baada ya Idi.

Huenda utasema taarabu ipo, mbona harusi haziishi. Ipo, lakini imejificha. Iko kwenye kumbi za kiingilio, iko kwenye harusi ambazo usipoalikwa huingii, na iko kwenye spika za bajaji. Na mji huu si wa kusikiliza taarabu kupitia spika za bajaji. Hapa ndipo Black Star Musical Club walipoingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, wakaipa mwendo ambao Mombasa waliuiga na hata Burundi ukafika. Lucky Star wakaja nao, ushindani ukawa moto. Marehemu Bi Shakila Saidi sauti yake ilijulikana kutoka hapa kabla taifa zima halijamdai kuwa wake. Upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na akina Wilson na George Kinyonga walianzia hapahapa kabla ya kwenda kuwika Nairobi na Simba Wanyika. Mgeni anaweza kukaa Tanga wiki nzima asisikie hata jina moja kati ya hayo. Hata kibao hakuna.

Na taarabu si ya kusikiliza tu, ni ya kutazama. Kuna wimbo ukifika ubeti fulani, utamwona mama aliyekuwa ametulia tangu mwanzo anainuka. Hana haraka. Anatengeneza mtandio, anapita kwa madaha kati ya viti, noti ameikunja kwa urefu na kuibana kwa vidole viwili. Anaipepea mara mbili mbele ya mtu ambaye sisi hatumjui, ndipo anakwenda kumtunza mwimbaji. Mpiga kinanda wala hababaiki. Ukumbi mzima umeshajua kuna jambo, ila jambo lenyewe wanalijua watu wawili. Binti yangu hajawahi kuliona hilo kwa macho yake, amezaliwa Tanga, anasoma Tanga, na muziki wa kwao anaujua kwa kupitia simu.

Vijana watataka singeli. Singeli mimi hainiingii kabisa, kichwa kinaniuma kabla hata wimbo haujaanza, lakini wapewe siku yao na wao, tena uwanja wa Tangamano ambako nyumba za kulala watu ziko mbali kidogo na spika. Wasambaa waje na ngoma yao ya mdumange kutoka milimani. Ninachokataa ni kimoja: tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka, lenye jukwaa la kukodi, fulana za wadhamini, hotuba za kuchukua saa tatu na wasanii wa Dar es Salaam wanaokuja na kuondoka usiku uleule. Fedha ya siku moja ya namna hiyo ingelipa wapiga taarabu wa hapa miezi mingi. Mji haufurahi kwa mwaka mara moja.

Kuhusu gharama, sitakupa hesabu ya kubuni. Ninachojua ni kwamba taa za sola za barabarani Jiji limeshazijua, mabenchi ya zege yanafyatuliwa na mafundi wetu wenyewe, na vyoo vinaweza kupewa kikundi cha akina mama au cha vijana wavitunze kwa ada ndogo, ilimradi watoto waingie bure. Wauza mishkaki, madafu, kachori na mihogo wapangiwe eneo, wawe na ndoo za taka, walipe ushuru unaoeleweka badala ya kufukuzwa leo na kurudi kesho. Wao ndio ulinzi wa kwanza wa bustani usiku: palipo na jiko la mkaa na watu watano wamekaa, kibaka hasogei. Kikundi cha taarabu kilipwe na Jiji fedha ya msingi, nyingine itatoka kwa watunzaji. Vibali Afisa Utamaduni avishughulikie kwa mwaka mzima kwa pamoja, tusianze kuhangaika upya kila mwezi.

Mengine nayapitia haraka. Boma la zamani la Wajerumani lina makumbusho yanayotunzwa na watu wa shirika la Urithi, na yanastahili watoto wa shule zetu kuyajaza kila wiki, hasa ukikumbuka kuwa hapa ndipo reli ya kwanza ya nchi hii ilipoanza kujengwa mwaka 1893, na hapa ndipo mapigano ya Wajerumani na Waingereza ya Novemba 1914 yalipopigwa, ambayo wazee waliyasimulia zaidi kwa habari ya nyuki waliowauma askari kuliko ya bunduki. Mapango ya Amboni yako kilomita chache tu nje ya mji, lakini mtu wa Chumbageni anayafikiria kama safari ya watalii; basi moja la Jumamosi kutoka mjini, kwa nauli ya kawaida, lingebadilisha hilo. Uwanja wa mpira wa Mkwakwani najua si mali ya Jiji, kwa hiyo sitakusumbua nao, ingawa siku Coastal Union wakicheza nyumbani mji unakuwa mji, na tuliokuwepo ubingwa wao wa ligi wa 1988 bado tunawachosha watoto kwa hadithi zake. Na mji aliozaliwa Shaaban Robert, pale Vibambani mwaka 1909, si vibaya jioni mojawapo ya mwezi mpevu ikaanza kwa mashairi ya wanafunzi kabla vyombo havijafunguliwa. Beti chache tu, wasituchoshe.

Baiskeli je? Tanga ndiyo mji wa baiskeli, ardhi imetulia tambarare kama sinia. Lakini ukifika bustanini huna pa kuifunga, unaiegemeza kwenye mti huku jicho moja liko kwenye gurudumu. Vyuma vya kufungia baiskeli, kumi na tano au ishirini, mchomeleaji yeyote wa hapa Ngamiani anavitengeneza kwa wiki moja. Siombi barabara ifungwe. Ile ya Hospitali ndiyo njia ya kwenda Bombo, na mgonjwa haingojei watu wamalize kutembea.

Ninafahamu pia kuwa si kila kitu kiko mikononi mwako. Barabara zina wenyewe, mazingira yana wenyewe, viwanja vina wizara. Lakini kutamka kwamba hiki ni cha umma, kukichora kwenye ramani na kuibandika ramani hiyo kwenye ofisi ya kila kata, hilo Baraza linaweza kulianzisha katika kikao kimoja. Tuna hata mji rafiki huko Ujerumani, Eckernförde, tangu 1963, nao ni mji wa pwani kama sisi. Wataalamu wenu wakienda au wakija, waulizwe ufukwe wao unatunzwaje na nani analipa.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Naomba mambo matatu yaingie katika rasimu ijayo: ramani ya fukwe za umma, taa za Raskazone na Bustani ya Jamhuri, na fungu la taarabu la miezi kumi na moja. Ubao wa maji kujaa na kupwa hauhitaji bajeti; mkimpata mtu wa kuusimamisha, mimi na wavuvi wawili wa mwalo wa Deep Sea tumekubaliana kuuandika kila Jumatatu.

Wako katika ujenzi wa Jiji,

Mkazi wa Ngamiani

Nakala:
Afisa Utamaduni wa Jiji
Waheshimiwa Madiwani wa kata za pwani