Kuhusu ile hela ya dawa ya kuku

Morogoro, Jumapili usiku

Mama Jamila shoga yangu,

Asalaam aleikum, na habari za siku nyingi. Huku wazima, mvua zimeanza, na Nasra ameota meno mawili ya mbele kwa mpigo, basi humu ndani hakulaliki. Najua nimekaa kimya. Ile sauti uliyonitumia Jumanne nimeisikiliza mara nne, na kila nikishika simu nikujibu naona jambo lenyewe ni refu kuliko simu. Ndiyo nimekaa nikaandika.

Umesema wenye ile dawa ya chupa wanakupa laki nne uandike kwenye blogu yako kwamba kuku wako walipona kideri kwa dawa yao, na sharti lao usiseme umelipwa. Halafu ukaniambia, "Mbona wewe ile ya mashine ya kutotoa vifaranga uliandika kwenye blogu yako na hakuna aliyekufa?"

Mwisho wa ile ya mashine sijawahi kukusimulia. Nilikusimulia hela tu, siku ile tulipokula wali kuku pale Msamvu ukisubiri basi, ukanipongeza. Nilipokea laki tatu na nusu. Wauzaji wa mashine waliniletea picha sita na karatasi ya sifa za mashine, nami nikaandika kuwa nimeitumia miezi mitatu na kila nikiweka mayai 100 natoa vifaranga 90. Shoga, mashine yenyewe sikuwahi hata kuiona ikichomekwa kwenye umeme.

Miezi miwili baadaye akanipigia mama mmoja wa Kondoa. Alikuwa ameuza mbuzi watatu, akaongezea na hela ya alizeti, akanunua. Akaweka trei tatu, mayai 90 ya kienyeji, na mengine si yake, kayakusanya kwa majirani kwa ahadi kwamba vifaranga watagawana. Siku ya 21 kimya. Siku ya 22 kimya. Ya 23 wakatoka saba, na wawili kati yao miguu imepinda.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliniuliza hivi tu: "Mwanangu, ya kwako wewe unaiweka nyuzi ngapi?"

Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nikamwambia subiri kidogo mama, nikaanza kutafuta kwenye mtandao huku yeye yuko hewani na salio lake linakwenda. Nikamwambia 37.5. Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo niliyoweka mimi." Tukanyamaza wote wawili. Alikuwa bado anangoja nimwambie kitu, maana kwake mimi ni mtu aliyekaa na mashine ile miezi mitatu. Baadaye akaenda kuazima kipimajoto kwa bwana mifugo wao, akakiweka ndani. Mashine inaonyesha 37.5, kipimajoto kinasoma 35 na kidogo. Mtu aliyeitumia kweli hata mara moja angeshalijua hilo, angewaonya watu.

Swali lile linanirudia mpaka leo. Yule mama hakunisoma kwa sababu naandika vizuri. Alisoma kwa sababu hana uwezo wa kununua mashine tatu azijaribu, basi akachukua maneno yangu yawe ndiyo majaribio yake. Sisi hicho ndicho tunachouza, Mama Jamila. Hatuna duka, hatuna bohari. Tuna lile neno "nimetumia", na mimi nililiuza wakati sikuwa nalo.

Sasa wewe yako ni nzito kuliko yangu. Kideri hakina dawa. Unalijua hilo kunizidi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kushika kuku na kumdondoshea tone la chanjo jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na kumshikilia mpaka apepese. Mtu akisoma kwamba wako walipona kwa chupa, ataweka chupa ndani akaacha chanjo. Ugonjwa ukipita mtaani kwake, banda zima linakwisha ndani ya siku chache, na hapo hakuna wa kumpigia ila wewe.

Nilipokuwa naumia na habari ya Kondoa ndipo nikasoma kisa cha Belle Gibson, yule wa Australia aliyejijengea jina kwa kuwaambia watu ana saratani ya ubongo na anajitibu kwa chakula. Mwaka 2015 akakiri hakuwahi kuwa na saratani, na mwaka 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola 410,000 za kwao. Faini sikuishangaa sana. Nilichowaza ni wale wagonjwa wa kweli waliokuwa wakimfuata, wamelala kitandani na simu mkononi, wanaamini.

Usinielewe vibaya, sisemi kulipwa ni haramu. Wewe una watoto watatu na mimi nina huyu wa meno. Mwaka 2018 tulipoambiwa blogu ni leseni, milioni moja na kila mwaka tena ada, nakumbuka ulivyokopa VICOBA ili usifunge. Na hela ya matangazo ya Google mpaka ifike dola 100 ndipo waitoe, mimi hunichukua miezi mitatu. Kwa hiyo mtu akija na laki nne mkononi naelewa mate yanavyojaa mdomoni. Ninachosema ni kwamba msomaji akijua umelipwa, anayapima maneno yako kwa mizani hiyo. Asipojua, umemnyang'anya mizani. Marekani wameliweka hilo katika kanuni zao tangu Desemba 2009: mwanablogu akilipwa au akipewa kitu bure ili akisifie, aseme. Hapa kwetu hata tusingeambiwa na mtu yeyote, si tulilelewa kwamba dalali husema yeye ni dalali?

Na ile linki wanayotaka uiweke "kawaida tu" ndani ya makala, usiione ndogo. Tangu 2019 Google wana alama maalumu ya linki iliyolipiwa. Ukiiweka bila alama na wakikubaini, wanaweza kukushusha kwenye utafutaji, makala zako zote za miaka saba zikapotea machoni pa watu. Wao watakuwa wameshahamia kwa mwingine. Nafikiri hata maneno yako hawayahitaji sana, wanaitaka hiyo linki iwapandishe wao huko Google.

Mimi makala ya mashine sikuifuta. Nilitamani, lakini niliona kuifuta ni kujificha mara ya pili. Nikaweka juu kabisa, kwa herufi nene, kwamba nililipwa laki tatu na nusu, kwamba sikuwahi kuitumia, na kwamba kipimo cha joto cha mashine moja ya aina hiyo kimepatikana na kasoro. Nikataja siku niliyoandika hayo. Nilitukanwa wiki mbili mfululizo. Wafanyabiashara wawili waliokuwa wakinipa matangazo wakaacha. Yule mama nilimrudishia ile laki tatu na nusu kwa M-Pesa, mara mbili, kwa sababu kwa mkupuo nisingeweza. Mbuzi wake hawakurudi, wala aibu yake kwa majirani sikuweza kumlipia.

Siku hizi mtu akija namwambia mapema: lete bidhaa, nitaitumia mwenyewe, juu ya makala nitaandika "Tangazo la kulipiwa", na ubaya nikiuona nitausema. Wengi wanaaga hapo hapo. Yule wa vyakula vya kuku alikubali, analipa laki moja na nusu, na makala yake niliandika kwamba vifaranga wa wiki ya kwanza walikibagua kwa sababu punje zake ni kubwa. Alikasirika siku mbili, kisha akaniletea kilichosagwa zaidi nikijaribu.

Shoga, nijibu haya maana hayanipi usingizi. Hiyo dawa ina namba yoyote ya usajili kwenye chupa, umeitazama? Umewauliza ndani yake kuna nini? Hao kuku wako wanane waliobaki, si ni wale uliowachanja? Baba Jamila anasemaje? Na hili ndilo kubwa: umeshapokea kitangulizi? Kama umepokea, umetumia kiasi gani? Nina laki na ishirini ya mchezo, zamu yangu imefika jana. Nikutumie tuchangie uwarudishie? Niandikie kabla ya Ijumaa, maana umesema Ijumaa ndiyo wanaitaka makala. Au nipigie, hata saa sita usiku, Nasra atakuwa ameshatuamsha.

Wako,
Mama Nasra