Kwa nini hatukuuzii tembe za kutuliza moyo kabla ya kukupima presha

Haipiti wiki kabla mteja mmoja hajaondoka kwenye duka letu la dawa hapa Kibuye, Kisumu, akiwa amenuna. Amekuja kutaka tembe za kutuliza moyo unaodunda, zile za propranololi au atenololi ambazo jirani yake alimeza zikamfaa. Sisi tumemwomba aketi kwanza, tumpime presha, tumuulize maswali mawili matatu, kisha aende kwa daktari alete karatasi. Yeye anaona tunamzungusha tu. Ninaandika haya ili ajue tunachokiogopa, yaani uvimbe adimu unaopandisha presha kwa vipindi, na tulichokiona kwa macho yetu kwa mama mmoja muuza samaki.

Mama huyo alikuwa mteja wetu kwa zaidi ya mwaka. Mara mbili alikuja akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, jasho linamtoka na moyo unakimbia. Mara zote mbili alipofika kwetu hali ilikuwa imeshatulia. Tulimpima, mashine ikasoma 118/76, na siku ya pili 122/80. Tukamwambia presha yake ni sawa, akanunua paracetamol, akaenda. Kosa hilo ni letu na sitaki kulificha, kwa kuwa hatukumuuliza presha hupanda saa ngapi, tulipima tu ile aliyokuja nayo. Kwingine alikuwa ameshapewa dawa ya malaria mara kadhaa, maana huku kwetu ziwani mtu akitoka jasho na kuumwa kichwa, malaria ndiyo hutajwa kwanza, hata kipimo kikisema hana. Dada yake alimwambia hedhi inakoma, ndiyo sababu ya joto hilo.

Mara ya tatu hali ilimkuta mbele yetu. Alikuwa ameinama kuinua beseni lake la samaki, akakaa kwenye benchi ghafla kama aliyesukumwa. Midomo ikapauka. Viganja vyake vilikuwa baridi, na jasho lilimdondoka kidevuni hadi kwenye risiti aliyoshika, wino wa kalamu ukatawanyika. Mashine ikasoma 214/128, mapigo ya moyo 131. Tukadhani mkanda umekaa vibaya, tukauhamishia mkono wa pili: 210/126. Baada ya dakika ishirini na tano hivi, bila dawa yoyote, ikashuka yenyewe hadi 134/84, naye akaanza kuuliza kama anaweza kurudi sokoni kabla samaki hawajaharibika.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na pakiti ya propranololi. Aliuziwa wiki ile katika duka moja la dawa, bila kupimwa, kwa kuwa alisema moyo unadunda. Alikuwa amemeza tembe nne.

Kilichokuwa ndani ya mwili wa mama huyo ni uvimbe unaoitwa feokromositoma. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, na sehemu ya ndani ya tezi hiyo ndiyo inayotengeneza adrenalini na nduguye noradrenalini, homoni zinazokurusha kando ya barabara matatu inapokukosa kidogo. Mtu mzima wa afya huzipata kidogo, kwa wakati wake. Uvimbe ukiota pale huzimwaga bila sababu na bila kipimo. Wakati mwingine uvimbe wa aina hiyo huota nje ya tezi, kandokando ya mishipa mikubwa ya tumbo au hata kwenye kibofu, na hapo huitwa paraganglioma. Mwenye ule wa kibofu anaweza kushikwa kila anapokojoa. Nyingi kati ya vimbe hizi si saratani, lakini hata isiyo saratani inaweza kuua kwa kiharusi au moyo kushindwa, kwa sababu ya presha tu.

Niseme wazi, ugonjwa huu ni adimu. Kati ya watu mia moja wenye presha, hata mmoja kamili hafiki. Ukiwa na presha ya kawaida, usitoke hapa ukidhani una uvimbe tumboni. Ninaowaita ni wale ambao mambo matatu huwashika pamoja na kuwaachia pamoja: kichwa kugonga, jasho la ghafla, moyo kukimbia. Pia wale ambao dawa tatu za presha zimeshindwa kuwashusha, na wale ambao presha ilipanda kupita kiasi walipotiwa nusukaputi au walipojifungua.

Sasa turudi kwenye zile tembe. Adrenalini na nduguye hupitia milango ya aina mbili mwilini. Mlango wa kwanza, alfa, hubana mishipa ya damu. Wa pili, beta, huukimbiza moyo, lakini pia hupanua mishipa inayopeleka damu kwenye misuli. Kwa hiyo, katikati ya fujo ile yote, beta inafanya kazi moja ya kuokoa: inafungua kidogo pale alfa inapobana. Propranololi hufunga mlango wa beta. Ukimpa mtu mwenye uvimbe huu kabla hajapata dawa ya kufunga alfa, mishipa inabaki na wa kubana tu, hakuna wa kupanua, na presha inaweza kuruka hadi kupasua mshipa wa ubongo. Moyo nao unalazimika kusukuma damu kwenye mishipa iliyofungana, huku nguvu zake zimepunguzwa. Mgonjwa anasikia moyo umetulia, akashukuru, na hatari iko palepale mishipani.

Hii ndiyo sababu ya sisi kukataa. Kwa wengi propranololi ni dawa nzuri, na madaktari wa uvimbe huu wenyewe huitumia, ila huianzisha siku kadhaa baada ya alfa kufungwa, moyo ukiwa bado unakimbia. Mpangilio huo haubadilishwi: alfa kwanza, beta baadaye. (Na kama daktari alikuandikia propranololi au atenololi kwa ugonjwa unaojulikana, usiiache ghafla kwa kusoma makala haya. Rudi kwake.)

Ziko dawa nyingine za kawaida kabisa zinazoweza kuamsha kipindi cha presha kupanda: sindano au tembe za metoklopramidi za kuzuia kutapika, deksamethasoni, baadhi ya dawa za sonona, na zile za mafua zinazofungua pua. Hii ya mafua ina mtego wake. Dawa za kufunga alfa, kama doksazosini na prazosini, huziba pua. Mgonjwa ameanza matibabu vizuri, pua imeziba, anaingia duka lolote la dawa na kuomba kitu cha mafua, naye anauziwa kile kile kinachobana mishipa. Ukiwa kwenye dawa hizi, mwambie muuzaji kabla hujataja pua.

Kitu kingine ambacho watu wa huku lazima wakisikie ni kukandwa tumbo. Najua mama zetu wanaokanda wana heshima yao na wamesaidia wengi. Lakini uvimbe huu ukibonyezwa humwaga homoni kama chungwa linavyokamuliwa. Kama ukikandwa tumbo unatoka jasho, kichwa kinagonga na moyo unaruka, usirudi kukandwa tena, na daktari umwambie jambo hilo, hata asipokuuliza.

Mama yetu tulimpeleka kwa tuktuk, si boda, pamoja na kijana wetu wa duka na karatasi yenye namba zote na saa zake. Karatasi ile ndiyo iliyomfanya daktari asimrudishe nyumbani, kwani alipofika kule presha yake ilikuwa 126/82. Namba zilizoandikwa wakati wa kipindi zina uzito kuliko maelezo ya mdomo, na ndipo tulipoanza huduma yetu ya kuazimisha mashine.

Kipimo chenyewe hutafuta metanefrini, mabaki ya zile homoni, kwenye damu au kwenye mkojo wa saa 24. Cha damu huchukuliwa vizuri mgonjwa akiwa amelala chali kwa nusu saa hivi. Cha mkojo ndicho huwatesa watu, kwa hiyo nieleze kinavyofanywa. Ukiamka, mkojo wa kwanza uende chooni, andika saa. Tangu hapo kila tone liingie kwenye galoni la maabara, mchana na usiku, mpaka na mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata, saa ile ile. Ukisahau mara moja, anza upya. Galoni nyingine huwa na asidi ndani, usiimwage wala usikojoe moja kwa moja humo, tumia kopo. Uliza mapema ni dawa gani usimeze, maana hata paracetamol huvuruga baadhi ya vipimo hivi. Mama wa samaki hangeweza kubeba galoni la mkojo sokoni, akachagua Jumapili, akakaa nyumbani siku nzima na simu akaizima. Majibu yalikuwa juu mara nyingi kuliko kawaida. Picha ya CT ikafuata, na uvimbe ukaonekana juu ya figo ya kulia.

Tiba yake ni upasuaji, na si jambo la jana. Mwaka 1926 César Roux mjini Lausanne, Uswisi, na Charles Mayo kule Rochester, Marekani, walishautoa uvimbe wa aina hii na wagonjwa wao wakapona. Kilichobadilika sana tangu wakati huo ni maandalizi. Kumpasua mtu huyu bila kumwandaa ni kumbonyeza uvimbe akiwa mezani. Kwa hiyo hupewa dawa ya alfa kwa siku 7 hadi 14 au zaidi, ikianza kidogo, mara nyingi usiku, ikiongezwa polepole. Madaktari hulenga presha ya chini ya 130/80 mgonjwa akiwa ameketi, na namba ya juu isishuke chini ya 90 akisimama. Ndiyo maana tunapima mara mbili, ameketi na amesimama.

Halafu linakuja lile la kumshangaza kila mtu: anaambiwa anywe maji mengi na aongeze chumvi. Chumvi, mtu wa presha! Wenzake wa chama walimgombeza mama yetu walipomwona akinyunyiza chumvi kwenye samaki wake, mmoja akamnyang'anya kikopo. Tulilazimika kumweleza binti yake naye akawaeleze. Fikiria mpira wa kumwagilia sukuma wiki. Miezi na miezi mpira umebanwa, kwa hiyo maji ndani ni kidogo ila yanatoka kwa nguvu. Dawa ya alfa inaufungua. Ukiwa umefunguka na maji ni yale yale machache, hakuna nguvu tena, mtu akisimama anaanguka. Na siku uvimbe unapotolewa, homoni zinakatika kwa dakika chache, presha inaweza kuporomoka vibaya. Chumvi na maji hujaza mpira kabla ya siku hiyo. Lakini ni amri ya daktari kwa mgonjwa huyu, akishaanza dawa ya alfa, na haimhusu mwenye moyo au figo zilizochoka. Wewe mwenye presha ya kawaida, chumvi yako ibaki kidogo vilevile.

Baada ya upasuaji hubaki kwenye uangalizi wa karibu siku moja au mbili, presha ikipimwa mara kwa mara na sukari pia, kwa sababu homoni zile zilikuwa zikiizuia insulini inayoshusha sukari, na zikiondoka sukari inaweza kushuka ghafla. Familia zisishangae kuona mgonjwa wa presha akiongezewa maji kwenye mshipa.

Kuna vimbe nyingine za tezi hiyo hiyo zinazopandisha presha kwa njia ya kimyakimya. Ile inayotoa homoni ya aldosteroni haileti vipindi; presha inakaa juu tu, potasiamu mara nyingi inashuka, misuli inalegea na kukakamaa. Hiyo si adimu kama watu walivyodhani zamani. Inayotoa homoni ya kotisoli hunenepesha uso na tumbo na kuchora michirizi ya zambarau. Zote hupimwa kwa damu na mkojo, na daktari ndiye wa kuamua.

Tunachofanya sisi ni hiki. Kupima presha dukani ni bure, hata usiponunua kitu. Ukiwa na vipindi, tunakuazima mashine ya mkono wa juu kwa wiki mbili na daftari, kwa amana unayorudishiwa. Ipime asubuhi na jioni ukiwa umepumzika dakika tano, na zaidi ya yote ipime pale hali inapokushika. Andika tarehe, saa, namba zote mbili, mapigo, na ulichokuwa ukifanya: kuinama, kula, kukojoa, kugombana. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya sweta. Ukimaliza tunakuandikia barua na kukueleza uende wapi, iwe ni hospitali ya Jaramogi, ile wengi bado mnaiita Russia, au Moi kule Eldoret. Lakini ikisoma zaidi ya 180/120 na kifua kinauma, mkono umelegea, maneno hayatoki au macho hayaoni vizuri, usituletee daftari. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama wa samaki alipasuliwa, akapona, na sasa hupimwa metanefrini kila mwaka kwani uvimbe unaweza kurudi. Theluthi moja hivi ya wagonjwa hawa, au zaidi, huwa wameurithi ugonjwa, kwa hiyo daktari aliomba na watoto wake wachunguzwe. Ndiyo maana mashine ile, namba mbili kati ya nne tulizo nazo, haipo rafuni wiki hii. Iko kwa binti yake huko Manyatta, na daftari lina kurasa tatu zilizojaa, zote chini ya 120/80.