Idi mwanangu, yai zima usilipashe

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Idi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako ni lile lile, Zuhura yuko katikati ya mitihani ya majaribio, na mimi nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza tu unasema "mama, nitakupigia jioni", na jioni yenyewe haiji. Barua nimeiweka juu kabisa ya mzigo ili uikute kabla ya dagaa. Isome yote.

Zuhura amenionyesha picha uliyoiweka status. Maikrowevu imetapakaa yai ndani kote, mlango uko wazi, na chini umeandika kwamba chakula cha mchana kimekukimbia. Wenzako wamecheka. Mimi sikucheka, Idi. Niliikodolea macho ile picha nikiutazama mlango. Je, ulifunguliwa na kishindo cha yai, au uliufungua wewe? Na kama ni wewe, uso wako ulikuwa wapi wakati huo? Nijibu hilo kwanza, kabla ya jingine lolote.

Mimi nimekaa chumba cha kufunga vidonda muda mrefu kuliko umri wako. Maji ya moto yakimmwagikia mtu mguuni, atapona na kovu atalifunika kwa suruali. Kitu cha moto kikirukia usoni kinalikuta jicho liko wazi. Tena kiini cha yai ni kibaya kuliko maji, kwa sababu kina mafuta na kinanata. Maji hutiririka yakapoa. Kiini kinabaki palepale kikiendelea kuunguza ngozi. Yale ya bibi yako na uji unayakumbuka mwenyewe, siyarudii.

Zuhura ndiye aliyenifafanulia, maana fizikia ya kidato cha sita anaijua sawasawa. Jiko la mkaa hupasha sufuria, sufuria hupasha maji, na maji hulipasha yai kutoka nje kwenda ndani, polepole. Maji yanayochemka hayapandi juu ya nyuzi 100, kwa hiyo na yai lililomo haliwezi kupita hapo hata likikaa saa nzima. Maikrowevu haifuati njia hiyo. Mawimbi yake hupita kwenye ganda kana kwamba ganda halipo, huingia sentimita kadhaa na kuyatikisa maji yaliyomo kwenye ute na kiini mpaka yanapata moto. Mvuke unazaliwa ndani huku ganda limeufungia, na vile vitundu vya ganda ni vidogo mno kuutoa kwa kasi hiyo. Mwisho wake ni kupasuka kama kwenye picha yako.

Lakini ulimwambia mdogo wako kwamba yai lako lilikuwa la kuchemsha, la jana yake, na ulikwisha kulimenya, ukashangaa limepasuka na nini. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kumbe hulijui jambo lenyewe, na utalirudia.

Kiini kilichoiva kina vijitone vya maji vilivyobanwa ndani ya protini iliyoganda. Kwenye maikrowevu vijitone hivyo vinaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kuwa vimebanwa na hakuna kinachovigusa. Yai linatoka kimya kabisa, jeupe, linavutia. Ukilichoma kwa uma au ukaling'ata, kijitone kimoja kinageuka mvuke, kinakichokoza cha jirani, na vyote vinalipuka kwa pamoja. Mdomoni, Idi! Kwa hiyo kutopasuka ndani ya maikrowevu si dalili ya usalama. Lile lililotoka salama ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu utalisogeza karibu na uso.

Na haya sijayaokota mtaani. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa sauti wa Marekani, Anthony Nash na Lauren von Blohn, walitoa uchunguzi wao kwenye mkutano wa chama chao huko New Orleans. Chanzo kilikuwa kesi ya mtu aliyedai kwamba yai la kuchemsha lililopashwa tena kwenye maikrowevu ya mgahawa lilimlipukia mdomoni, likamuunguza na kumharibia masikio. Wakapasha karibu mayai 100 ya namna hiyo. Mengine yalipasuka humo humo ndani. Lakini takriban asilimia 30 yalikuja kupasukia nje, yalipochomwa kwa kipimajoto, na mlio wake kwa umbali wa sentimita 30 ulifika hadi desibeli 133. Walipopima wakakuta kiini kina joto kuliko maji yaliyolizunguka yai. Wenyewe waliona kwamba yai moja si rahisi limharibu mtu masikio. Mimi pia si masikio ninayoyahofia. Nahofia ulimi, midomo na macho yako.

Nimesema maji yaliyolizunguka, kwa sababu walikuwa wakiyapasha mayai hayo ndani ya maji. Basi ile mbinu yako ya kulitumbukiza kwenye kikombe cha maji haikulindi. Hata maji yenyewe yakipashwa humo kwenye kikombe chenye ndani laini isiyo na mikwaruzo yanaweza kutulia bila povu huku yamepita kiwango cha kuchemka, kisha ukitia kijiko au majani ya chai yanaruka nje. Ukipasha maji weka kijiti cha mti ndani ya kikombe tangu mwanzo, na yakishapata moto yaache yatulie kabla ya kuyagusa.

Baba yako anasema nimelikuza jambo, kwamba kijana ana kazi yake Dodoma na anajitegemea, na yai ni yai tu. Nimemwambia hata yule Mmarekani anayetajwa kuigundua njia hii ya kupika, Percy Spencer, mwaka 1945, inasimuliwa kwamba walijaribu yai likampasukia mwenzake usoni. Usoni, tangu siku za mwanzo! Baba yako alinyamaza akachukua redio yake.

Yai zima lisiingie humo. Likiwa na ganda lisiingie, likiwa limemenywa lisiingie, likiwa majini lisiingie. La kuchemsha ukitaka liwe vuguvugu, limenye, liweke kwenye bakuli, limiminie maji ya moto ya birika na uliache humo mpaka lipate joto. Ukishindwa kabisa, likate vipande vinne, uponde kiini kwa uma, ndipo upashe kwa moto mdogo. Mimi ningelila baridi na chumvi.

Sikukatazi mayai. Nataka ule, maana Zuhura anasema shingo imeanza kuonekana. Ni kweli jikoni hukukaa. Ukiingia nilikutoa nikisema utanimwagia, na dada yako mkubwa ndiye aliyebaki na mimi. Sasa nakufundisha kwa karatasi. Vunja mayai mawili kwenye bakuli la kauri au la kioo, uyapige kwa uma mpaka ute na kiini vichanganyike kabisa, usione alama ya kiini kilichobaki chenyewe. Tia maziwa kidogo, chumvi, nyanya na kitunguu. Weka sekunde 30, toa ukoroge, maana kingo ndizo zinazowahi kuiva na katikati kunabaki kubichi. Rudisha sekunde 30 nyingine, koroga tena, na uendelee hivyo kidogo kidogo mpaka usione majimaji. Mashine hazilingani nguvu. Yenye wati 700 na yenye wati 1,000 haziivishi kwa muda mmoja, kwa hiyo amini macho yako kuliko saa yake. Ukimaliza acha bakuli litulie dakika moja ndipo ule.

Huko kukoroga usikuone ni mapambo. Maikrowevu haipashi sawasawa, na sehemu iliyobaki baridi ndiyo yenye vimelea. Salmonella, vimelea vya mayai vinavyoharisha, haifi kwa uvuguvugu. Yai la kupigwa linatakiwa lifike nyuzi 71 kote, na kwa kuwa huna kipimajoto, alama yako ni yai kushikana lote. Kwenye zahanati tumepokea vijana wazima, wenye nguvu, wameishiwa maji mwilini kwa mayai mabichi.

Kuna siku utataka kiini kibaki kizima. Basi kichome kwa kijiti cha meno au ncha ya uma mara kadhaa kabla ya kuweka, maana kina utando wake mwembamba na huo nao unafungia mvuke. Funika kwa sahani bila kubana, tumia nusu ya nguvu ya mashine, na muda ukiisha ngoja kidogo kabla ya kufungua. Ukifungua, uso usiwe mbele ya mlango. Ukisikia mlio wowote wa kupasuka ndani, usifungue kuchungulia. Zima kwenye soketi, usubiri.

Lile bakuli la bati lenye maua nililokufungia ulipoondoka usilitie humo. Ni bati ndani, maua na rangi ni ya juu tu, litatoa cheche. Lile ni la kulia ugali. Vikombe vyenye mstari wa dhahabu ukingoni navyo usiweke, wala kopo la siagi la plastiki. Plastiki ile haikutengenezwa kwa moto, na chakula cha mafuta kinaweza kuilainisha.

Mungu apishie mbali, lakini ikitokea umeungua, usimsikilize mtu yeyote hapo nyumbani kwenu. Najua watakachokuletea: dawa ya meno, asali, na wengine watakuvunjia yai bichi wakupake ute. Huo ute unaweza kuwa umebeba vimelea, na wewe una kidonda kibichi. Nimewasafisha watu ute uliokaukia kwenye ngozi iliyoungua, na kilio chake sitaki kukisikia kwako. Maji safi ya bomba, ya kawaida, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua dakika 20. Si barafu. Vua saa na pete mapema kabla hapajavimba. Malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, uende hospitali. Likiingia jichoni, lioshe kwa maji mengi na uende saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi, usingoje mshahara. Ukinipigia saa nane za usiku nitapokea.

Halafu hiyo mashine yenyewe umeinunua imetumika. Uikague mlango. Kama ule mshindo umeupinda, haufungi sawasawa au kioo kimepata ufa, usiiwashe tena, hata kama fundi wa mtaani atakwambia ni kitu kidogo. Ndani yake kuna kifaa kinachohifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo na wewe usijaribu kuifungua kwa bisibisi kama ulivyozoea kwa redio za baba yako. Usiichomeke kwenye ekstensheni pamoja na pasi na jiko la umeme la mwenzako. Ningependa ununue mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Lakini mashine ulishainunua, na hukuniuliza.

Hela ya bati imefika. Baba yako ameitangaza kuanzia msikitini hadi sokoni, kwamba bati za upande wa jikoni ni za Idi. Fundi ameanza Jumatatu, misumari ilipungua nikaongezea mwenyewe. Nimefurahi, mwanangu, na dua zangu unazijua. Ila ungenipigia kuniambia umetuma. Habari za hela yako nilizipata kwa wakala, na habari za yai lako nimezipata kwa Zuhura.

Kuku wangu wanataga vizuri msimu huu. Ningekuletea mayai ya kienyeji lakini hayawezi safari ya basi, yatafika yamevunjika juu ya dagaa. Nyanya za hapa zimepanda bei, migebuka imeshuka, ndiyo maana nimeweka mingi ya kukausha. Ianike juani kidogo ukiipokea, isishike unyevu. Binti wa shangazi yako anaolewa baada ya mfungo. Wanataka uchangie, nami nimewaambia wakupigie wenyewe, nisionekane nakusukuma.

Dumu la mawese ni la lita tano. Lisimamishe, kifuniko chake hakikazi, nimekifunga na nailoni. Nusu mpe mama mwenye nyumba wako, na dagaa wa mfuko mweupe pia ni wake. Wako ni wa mfuko wa bluu. Gharama ya mzigo nimeshalipa huku Kigoma, risiti iko ndani ya bahasha hii, wasikudai tena stendi.

Mama yako